Helikopta Moja Katika Gemu la 1944: Uchambuzi wa Kisa cha R-4 na Ramani ya Burma

Ombi lenyewe lilikuwa fupi: tuongeze helikopta. Gemu letu ni la vita vya anga vya miaka ya 1940, lile la kukaa chumba cha rubani, kuwasha injini kwa utaratibu wake, kisha kutungua au kutunguliwa. Kundi letu hulitengenezea modi, yaani ramani, ndege na misheni ambazo waundaji wenyewe hawakuziweka. Ramani ya kaskazini mwa Burma ya mwaka 1944 ilikuwa ndiyo kwanza imekamilika, na mmoja wetu akauliza inakuwaje R-4 ya Sikorsky haimo, wakati ni huko huko helikopta ilikowatoa watu katikati ya maadui kwa mara ya kwanza.

Tukagawanyika. Wengine walisema hakuna mtu atakayeacha ndege ya kivita kama Mustang akaendeshe dude linalokwenda kasi ya pikipiki. Wengine wakasema ukiifungua tu, watu watakwenda nayo kufanya vituko juu ya viwanja vya adui na misheni itaharibika. Wa tatu, ambao huwa hawakosekani, walikuwa tayari wanauliza itafungwa bunduki wapi.

Ubishi huo wote ulichukulia kwamba tatizo ni chombo: kitarukaje, kitakwenda kasi gani, kitapigwa vipi. Chombo kilitusumbua kweli, na nitaeleza. Lakini kilichokuwa kikikataa helikopta katika gemu letu kilikuwa ubao wa pointi.

R-4 kama ilivyokuwa

Igor Sikorsky, mzaliwa wa Kyiv aliyehamia Marekani, aliinua VS-300 yake kutoka ardhini Septemba 1939, ikiwa bado imefungwa kwa nyaya isije ikamponyoka. Kutokana na kazi hiyo ikapatikana XR-4, iliyoruka mara ya kwanza tarehe 14 Januari 1942. Mei ya mwaka huo ikarushwa kutoka Connecticut mpaka Wright Field, Ohio, zaidi ya kilomita 1,200. Ilichukua siku tano, ikiruka kidogo na kutua, ikiruka kidogo na kutua. Mpaka utengenezaji unasimama, R-4 za aina zote zilikuwa 131.

Ilikuwa na viti viwili vya ubavu kwa ubavu. Mapanga ya juu yalikuwa matatu, mbavu za mbao juu ya mhimili wa chuma, yamevikwa kitambaa. Injini ya Warner iliyofungwa kwenye YR-4B, toleo lililopelekwa Burma, ilikuwa na nguvu farasi 180 hivi, na kasi yake ya juu ni kama kilomita 120 kwa saa. Basi la Mbeya lenye dereva mwenye haraka zake lingeiacha.

Takwimu iliyotuongoza kuliko zote, hata hivyo, ni ya uzito. R-4B tupu ilikuwa na kilo 952 hivi, na ikijazwa mpaka mwisho wake ilifika 1,170. Tofauti ni kilo 218. Ndani ya hizo weka rubani wa kilo 75 na abiria wa kilo 70: zinabaki 73 kwa mafuta, oili na kila kitu kingine. Huo ndio mzigo wote wa chombo, tena katika hewa baridi ya Connecticut. Hapo mtu anaelewa kwa nini mambo ya Burma yalikwenda yalivyokwenda.

Kilichotokea Aprili 1944

Vikosi vya Chindits vya jeshi la Uingereza vilikuwa vimepenya ndani kabisa ya eneo lililoshikwa na Wajapani, vikitegemea ndege kwa chakula, risasi na kubeba majeruhi. Ndege hizo zilikuwa za 1st Air Commando Group, kikosi cha Wamarekani chini ya Kanali Philip Cochran. Kilikuwa na kila aina ya chombo: Mustang za P-51A, ndege za mabomu za B-25, C-47 za mizigo, glaida (ndege zisizo na injini), na ndege ndogo za L-1 na L-5 zilizoweza kutua kwenye kipande cha ardhi chochote kilichonyooka. Na kilikuwa na helikopta chache za YR-4B, za kuhesabika kwa vidole.

Tarehe 21 Aprili, L-1 iliyorushwa na Sajenti Ed Hladovcak, ikiwa imebeba askari watatu wa Uingereza wasiojiweza, ilianguka msituni. Wote wanne walitoka hai, lakini Wajapani walikuwa jirani. Ndege ndogo ziliwaona kutoka juu na kuwadondoshea maelekezo. Kuwachukua zilishindwa, maana hapakuwa na pa kutua.

Luteni Carter Harman alikuwa Lalaghat, Assam, upande wa India, na helikopta yake. Akaitwa. Ilimbidi avuke milima kwa chombo ambacho milima si rafiki yake, aende mpaka Taro, ambako alifungiwa tangi la ziada la mafuta, kisha aendelee mpaka Aberdeen, uwanja ambao Chindits waliutengeneza katikati ya msitu. Tarehe 25 Aprili akaanza kazi. Kwa hewa ile ya moto na injini ile, alimudu abiria mmoja tu kwa safari. Kwa hiyo wakapanga hivi: helikopta imtoe mtu mmoja mafichoni, impeleke kwenye ukingo wa mchanga wa mto ulio karibu, na pale L-5 inamsubiri kumpeleka mbali. Akamtoa wa kwanza. Akamtoa wa pili. Injini ikachemsha, ikagoma, na Harman akalala pale pale mchangani na helikopta yake. Kesho yake injini ikakubali. Akamtoa askari wa tatu, na mwisho kabisa akamchukua Hladovcak.

Harman hakufyatua risasi. Hakuwa na cha kufyatulia. Na kazi yake isingekamilika bila marubani wa L-5, ambao majina yao hayatajwi sana kwa sababu chombo chao hakikuwa kipya.

Kwa nini ramani ya Burma ilitushika sisi hasa? Baadhi yetu ni wajukuu wa askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Uingereza huku Afrika Mashariki. Miezi michache baada ya kisa cha Harman, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw kwenye masika na matope yake, ikielekea mto Chindwin. Majina ya mahali yale tuliyasikia nyumbani kabla hatujayaona kwenye atlasi.

Kuirusha

Gemu liliandikwa kwa ajili ya ndege zenye mabawa. Ndani ya hesabu zake, bawa linapewa kasi moja ya upepo na pembe moja, kisha linarudisha nguvu ya kuinua. Panga la helikopta halina kasi moja. Chombo kikienda mbele, panga lililo upande mmoja linakutana na upepo na lililo upande wa pili linaukimbia, na hali hiyo inabadilika katika kila mzunguko. Kuandika hesabu ya kila kipande cha kila panga kungechosha kompyuta za wachezaji wengi, kwa hiyo tuliyachukua mapanga yote kama sahani moja yenye jedwali la nguvu. Juu ya jedwali tukaweka tabia nne ambazo bila hizo si helikopta tena: mwili kutaka kuzunguka kinyume cha mapanga, mto wa hewa unaoibeba ikiwa karibu na ardhi, nafuu inayopatikana mara tu inapoanza kusogea mbele, na kule kuzama katika upepo wake yenyewe ikishuka wima kwa pupa.

Halafu tukaweka joto. Gemu, kwa kawaida yake, huchukulia hewa ya nyuzi 15 usawa wa bahari. Tukaipeleka kwenye 35. Hewa ya namna hiyo ni nyepesi kwa asilimia 6 hadi 7, na ukiongeza mwinuko wa mita mia tatu unakaribia asilimia 10. Kwa Mustang ni jambo la kumfanya rubani asikilize mlio wa injini na kusonya. Kwa R-4 yenye abiria ndio mwisho wa safari. Inavuta hewa pungufu injini ikadhoofika, na wakati huo huo mapanga yanahitaji nguvu zaidi ili kuinua uzito ule ule.

Nieleze namna inavyokuwa, maana hapa ndipo nilipoanza kuipenda. Majeruhi keshaingia, umekaa katikati ya uwazi mdogo, miti pande zote. Unavuta wenzo wa kolektivu. Mapanga yanapandisha pembe, na papo hapo mzunguko wake unaanza kushuka kwa sababu injini imezidiwa. Unazungusha mshiko kuongeza mafuta. Pua inageuka, mguu unaisukuma irudi. Magurudumu yanatoka ardhini kiasi cha goti, na pale inagoma: imekaa juu ya mto wake wa hewa, haipandi. Ukizidi kuvuta, mzunguko unashuka zaidi na unarudi chini kwa kishindo. Ujanja ni kuishusha pua kidogo, uisogeze mbele kwa kukwaruza nyasi, ukisubiri ile nafuu ya mwendo ikushike kabla miti haijafika. Ikikushika unausikia mtetemo ukibadilika, na chombo kinapanda chenyewe. Ikichelewa, umekwisha.

Mtu aliyezoea ndege ya kivita ya Spitfire huangusha R-4 mara nyingi mno kabla ya kuuelewa mchezo huo, na sehemu kubwa ya lawama inaiendea jostiki. Wenzo wa mafuta wa jostiki za nyumbani husukumwa mbele kuongeza. Kolektivu huvutwa juu kuongeza. Mkono ulioshiba mazoea ya ndege, ukiingiwa na hofu ya kuanguka, unasukuma pale unapotakiwa kuvuta. Tukaruhusu mhimili huo ugeuzwe, na tukaunganisha mafuta na kolektivu kwa wale wasio na mshiko wa kuzungusha, ingawa katika R-4 halisi kazi hizo mbili rubani alizilinganisha kwa mkono wake. Wapo waliotuambia huko ni kudekeza watu. Gemu la watu wawili wenye vifaa vya gharama silioni faida yake.

Ndege za kivita zikiikuta

Wengi walidhani helikopta itakuwa kuku wa kuchinjwa. Historia inasimulia vingine. Wajerumani walikuwa na helikopta ya Flettner Fl 265 kabla ya R-4 kuwapo, na wakaifanyia jaribio: ndege zao za kivita, Bf 109 na Fw 190, ziliishambulia kwa dakika 20 zikiwa na kamera badala ya risasi, na kamera hazikunasa pigo lolote.

Hesabu yake si ngumu. Ndege inayokwenda kilomita 400 kwa saa inakula mita 111 kila sekunde. Ikianza kupiga ikiwa mita 300 na kulazimika kukwepa ikiwa mita 80, imepata sekunde mbili. Adui wake wa kawaida anakimbia mbele yake kwa kasi inayokaribiana na yake, tuseme wanapishana kwa kilomita 50 tu kwa saa, na hapo sekunde mbili zinakuwa kumi na sita. Kuna tofauti kubwa kati ya kumfuata mtu mkimbiaji na kupita kwa mwendo mkali mbele ya mtu aliyesimama, ambaye isitoshe anaweza kusogea pembeni hatua tatu pale unapokaribia.

Marubani wa kompyuta walituchekesha. Waliandikwa kukaa nyuma ya adui na kulingana naye mwendo. Ki-43 ya Kijapani, ikiwa imeiona R-4 inayokwenda kilomita 40 kwa saa, ilipunguza, ikapunguza, ikatoa vibao vya mabawa, ikapunguza tena, hadi ikaishiwa na nguvu ya kuelea na kuporomokea kwenye mianzi. Ikaja ya pili, ikafanya hivyo hivyo. Kwa muda helikopta isiyo na silaha ikawa ndiyo inayoongoza kwa kuangusha ndege za adui kwenye seva yetu. Ilibidi tuwaandikie amri mpya: adui akiwa na mwendo chini ya kiwango fulani, pita mara moja ukiwa na kasi, panda, geuka, rudi.

Hatari halisi ya R-4 tuliiweka chini, kwa askari wenye bunduki za kawaida. Chombo kinachosimama hewani urefu wa mnazi, chenye kitambaa na kioo, hakihitaji mzinga. Tukavipa vikosi vya ardhini macho ya kukiona na masikio ya kukisikia. Baada ya hapo mchezaji akajua mwenyewe kwamba njia anayoingilia ni muhimu kuliko ujanja wake wa kukwepa ndege.

Ubao wa pointi

Sasa chombo kinaruka, kinaogopeka na kinaogopa. Tukakifungua kwenye seva ya majaribio. Jioni ya kwanza watu walipanga foleni. Baada ya wiki hakuna aliyekigusa, isipokuwa wale wa vituko, waliokwenda kuning'inia juu ya uwanja wa adui na kuandika kejeli kwenye gumzo.

Waliosema watu hawataki helikopta wakajiona wameshinda hoja. Mimi niliona kitu kingine. Tazama gemu linavyomtendea rubani anayeruka kwa mwavuli. Ndege yake imeungua, ameruka, mwavuli umefunguka, anaelea. Kisha skrini inageuka, unauona ubao, unachagua ndege nyingine. Yule mtu uliyemwacha angani hatui popote. Anafutika. Katika gemu zima hakuna hata mtu mmoja aliyepotea msituni, kwa hiyo hakuna wa kutafutwa, na helikopta iliyotengenezwa ili kutafuta watu haina kazi. Tulikuwa tumeleta gari la wagonjwa kwenye mji usio na wagonjwa, tukashangaa linakaa bure.

Kwa hiyo tukaacha helikopta tukashika ubao. Kila upande ukapewa idadi ya marubani mwanzoni mwa misheni. Ndege zinaweza kuletwa nyingine. Marubani wakiisha, mmekwisha. Anayeruka kwa mwavuli akatua salama hafi na wala harudi: anabaki pale alipotua, alama hafifu kwenye ramani ya wenzake, na mchezaji mwenyewe anaanza upya kwa kutumia rubani mwingine wa kikosi. Askari wa adui wakimfikia kwanza, amepotea. Akirudishwa uwanjani, anaingia tena kwenye hesabu.

Mabadiliko hayo yalifanya kazi ambayo hakuna injini mpya ingeweza kuifanya. Mwenye Mustang aliyekuwa akifukuza ndege ya nne ili jina lake likae juu, sasa anaulizwa na wenzake mbona amewaacha watatu chini bila kinga. Wa B-25 akaombwa apige barabara inayokwenda kwa aliyetua, badala ya daraja alilolizoea. Watu wakaanza kuchagua pa kurukia: ukiona injini inawaka, vumilia kidogo ufike penye mto, usiruke juu ya mlima ambako hakuna atakayekufuata. Mambo haya marubani wa kweli walikuwa nayo kichwani kila siku, na gemu letu lilikuwa limeyafuta yote bila mtu kugundua.

Hata hivyo helikopta haikupewa kazi hiyo yote, na hapa nilisimama kidete. Burma majeruhi walibebwa na ndege ndogo za mabawa. L-1 na L-5 ndizo zilizofanya kazi kubwa, na helikopta iliingia pale zilipokwama. Modi inayoleta R-4 na kuiacha L-5 inasema uongo, hata kama kila boliti ya R-4 iko mahali pake. Kwa hiyo penye mita za kutosha za kutua, L-5 ndiyo inakwenda. Ina mwendo zaidi na injini yake haina mikosi mingi. R-4 inahitajika penye uwazi usiofika, na inambeba mtu mmoja mpaka mahali ambapo L-5 inaweza kutua. Wachezaji wawili, vyombo viwili, mchanga wa mto katikati. R-4 ni moja kwa misheni. Ikiangushwa hakuna nyingine.

Injini kuchemsha tuliiacha. Ukining'inia muda mrefu na mzigo, kipimo kinapanda; usipotua ukaizima, itajizima yenyewe mahali usipopataka. Wapo walioomba iondolewe kwa sababu kukaa mchangani ukisubiri ipoe si mchezo. Lakini kukaa kule, L-5 inazunguka juu haijui ishuke au iondoke, na doria ya adui iko mahali fulani nyuma ya mianzi, ndizo dakika ambazo gumzo la seva huwa kimya kabisa. Kitu kimoja tulipunguza: safari ya Lalaghat mpaka Aberdeen. Helikopta inaanzia Aberdeen. Kuvuka milima kwa mwendo ule saa nyingi ni ibada, na si kila mtu ana imani hiyo.

Waliopinga hawakuisha. Mmoja alisema alikuja kupigana na si kuendesha ambulensi, na kwamba sasa kikosi kinaweza kushinda kikiwa kimetungua ndege chache kuliko wenzao. Ni kweli kinaweza. Kikosi kilichorudisha watu wake kimebaki na watu wa kupigana kesho. Sioni kwa nini gemu la vita lione aibu kuhesabu hilo.

Wanaotaka bunduki

Maombi ya ramani ya Ulaya, na helikopta za Wajerumani, yalianza mara moja. Leteni Fl 282 Kolibri. Leteni Fa 223 Drache. Ukweli ni kwamba Kolibri zilitengenezwa 24 tu, na kazi yake ilikuwa kuangalia na kupeleka taarifa. Drache ndiyo inayotamanisha: injini ya nguvu farasi 1,000, mapanga mawili makubwa yaliyobebwa na mikono ya pembeni, na nafasi ya bunduki moja puani. Lakini zilizokamilika zilikuwa chache, na safari yake maarufu, kuvuka mlango wa bahari kutoka Ufaransa kwenda Uingereza, ilifanyika Septemba 1945 vita vikiwa vimekwisha. Tulikataa zote mbili kwa ramani ya mapigano.

Kimoja nilikitetea kikakataliwa: Fa 330, tiara yenye mapanga, isiyo na injini, iliyovutwa na manowari ili mtu akae juu yake atazame mbali. Manowari ya U-177 iliitumia Agosti 1943 kwenye bahari ya Madagaska, ikaiona meli ya Kigiriki Efthalia Mari na kuizamisha. Maji hayo ni ya kwetu na ningependa kuyaona ndani ya gemu. Wenzangu walisema, kwa haki, kwamba gemu la ndege halina manowari ya kuivuta.

Njia ya mkato ipo na inajulikana. War Thunder ilipoingiza helikopta mwaka 2018 iliruka kabisa kizazi cha R-4 na kuanza na vyombo kama Mi-4 na UH-1 vyenye roketi, kisha vya makombora ya kupiga vifaru. Kwa gemu lile ni sawa, kwa kuwa ubao wake haukuhitaji kuguswa: helikopta yenye silaha inapata pointi kwa njia ile ile ya wengine. Malalamiko ya wenye vifaru ni hadithi nyingine.

Tunakokwenda ni Korea. Tarehe 3 Julai 1951, Luteni John Koelsch wa jeshi la majini la Marekani alikwenda na helikopta ya HO3S-1 isiyo na silaha kumtafuta rubani wa ndege ya kivita ya Corsair aliyetunguliwa milimani. Corsair za kumlinda zilikuwa juu, lakini ukungu ulikuwa umefunika bonde, hazikuona kitu. Alishuka chini ya ukungu peke yake na msaidizi wake, akampata mtu, wakawa wanamvuta kwa winchi pale risasi za kutoka ardhini zilipoiangusha helikopta. Walijificha siku kadhaa kabla ya kukamatwa, na Koelsch alifia kifungoni. Baadaye akapewa Medal of Honor, nishani ya juu kabisa ya kijeshi ya Marekani.

Kwa hesabu za kuruka, HO3S-1 ni rahisi kuliko R-4, tunayo tayari zaidi ya nusu. Kinachotukalisha usiku ni ukungu. Katika gemu, ukungu ni picha tu: unamzuia mchezaji kuona, ila kompyuta inayoendesha wenye bunduki kule bondeni inaona kupita ndani yake kama haupo, na marubani wa kompyuta wa Corsair vile vile. Mpaka tuwapofushe wote kwa kiasi kimoja, ramani ya Korea haitoki.